Gurudumu la juu: kisa cha bendisoo ya mtumba

"Kamata gurudumu utikise mwenyewe, mzee. Hii imetoka Ulaya ikiwa kazini, haijalala," alisema dalali. Nilikamata, nikatikisa mbele na nyuma, juu na chini. Halikucheza hata kidogo. Nikalipa shilingi 1,600,000 kwa bendisoo ile, yaani msumeno wa mkanda, ambao bledi yake ni mkanda wa chuma wenye meno unaozunguka kwenye magurudumu mawili, la juu na la chini. Nikaita kirikuu. Siku ya tatu, nyumbani Kinyerezi, Dar es Salaam, nilipolegeza bledi na kuitoa, gurudumu lilelile la juu likawa linacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza.

Mimi si seremala wa kutegemewa na mtaa. Nina banda la bati nyuma ya nyumba, na mwisho wa juma natengeneza makabati na masanduku. Kwa miaka kadhaa nilikuwa napasua mbao kwa msumeno wa mviringo wa mezani wa inchi 10, ambao hata ukiupandisha hadi mwisho unakata kina cha kama inchi 3 tu. Ubao wa mninga wa 2 kwa 8 ukiusimamisha kwa ubavu, unakata upande mmoja, unaugeuza, unakata wa pili, na katikati inabaki nyama ya kumalizia kwa msumeno wa mkono. Tena kila mpito meno yanakula milimita 3. Ubao wa milimita 50 ukiupasua vipande vya milimita 6, msumeno wa mviringo unakupa 5. Bendisoo, ambayo njia yake ya kukata ni kama milimita 1, inakupa 7. Mninga kwa bei yake ya sasa, vipande viwili si vya kuachia unga wa mbao.

Ndiyo maana nikaanza kuzunguka kwenye yadi za mashine za mtumba. Niliyoipata ilikuwa ya Kiitaliano, magurudumu ya milimita 400, uzito karibu kilo 200. Kibati cha mota kilisomeka vizuri: V 220/380, Hz 50, giri 1420, kW 1.5. Hilo "giri" ni Kiitaliano cha mizunguko, na kijana wa yadi alikuwa amelielewa kama gia. Akaniambia mashine ina gia 1,420. Sikubishana.

Kabla ya kulipa nilikagua kwa kama dakika kumi, na nusu ya ukaguzi ule bado nautetea. Fremu niliipima kwa uzi uliovutwa kutoka juu hadi chini upande wa nyuma: haikupinda, na hakuna palipochomelewa upya. Magurudumu, ambayo ni ya chuma cha kusubu, niliyagonga kwa nyundo ndogo kila spoku. Yakalia kama kengele. Chuma cha kusubu chenye ufa hakilii, kinatoa sauti ya chungu kilichopasuka. Meza ilikuwa na kutu ya juujuu tu, na kipande cha chini yake kinachoiruhusu kulala kwa pembe hakikuwa na ufa. Hapo ndipo pa kuwa mkali, kwa sababu fremu, magurudumu na hicho kipande cha meza huvipati dukani hata ukiwa na pesa. Beringi, raba, mkanda, swichi na hata mota nzima ni vitu vya kununua. Wanunuzi wengi hufanya kinyume: huomba mota iwashwe, wakisikia inanguruma wanafurahi, halafu wanapunguziwa 50,000 kwa sababu ya rangi kubanduka.

Mahali nilipokosea ni kwenye kutikisa. Bledi ya bendisoo ikikazwa inavuta magurudumu mawili yaelekeane. Kwa mashine ya ukubwa ule, mvuto huo ni wa kilo 150 hadi 200 hivi, na wote unaangukia beringi za magurudumu. Uchezi wowote uliomo unasukumwa upande mmoja na kukaa hapo. Mkono wa mtu hauwezi kuinua mzigo huo, kwa hiyo utatikisa mpaka jasho likutoke na gurudumu litabaki limetulia. Ile mashine ilikuwa imekazwa kupita kiasi, springi ya kukazia bledi imebanwa karibu pingili zote zigusane. Mashine iliyokaa yadini bila kazi haina sababu ya kukazwa hivyo. Sisemi dalali alifanya makusudi. Ila ishara ya pili niliiona kwa macho na nikaipuuza: kitovu cha gurudumu la juu kilikuwa na rangi mpya ya kijivu, na sehemu nyingine zote zilikuwa na rangi ya kijani ya kiwandani. Nilidhani ni mapambo. Nilipoikwangua nikakuta chini yake unga mwekundu wa kahawia, ule unaotokea chuma kinaposuguana na chuma kikavu.

Nilimpigia dalali simu. "Mzee wangu, si uliitikisa mwenyewe?" akasema. Nilikosa jibu.

Kitovuni

Beringi za gurudumu la juu ni 6205 mbili. Namba hiyo ukiitaja kwenye maduka ya vipuri ya Gerezani huhitaji maelezo zaidi: tundu milimita 25, nje 52, unene 15. Zinapaswa kuingia kitovuni kwa kubanwa, na kutoka kwa kugongwa. Zangu zilitoka kwa vidole. Ndani ya tundu nikakuta vitobo vingi vya sentapanchi, kile chuma chenye ncha cha kugongea alama, vilivyopangwa kwa duara. Nikapata picha nzima: zamani beringi moja iligoma, pete yake ya nje ikaanza kuzunguka ndani ya kitovu na kukila. Badala ya kuchonga upya, mtu akapiga vitobo ili kingo za chuma zivimbe na kuibana beringi mpya. Ujanja huo unafanya kazi kwa wiki chache, kisha vile vijivimbe vinasagika na tundu linabaki pana kuliko mwanzo. Gundi ya kufungia beringi ingeweza kunisaidia kama uchezi ungekuwa mdogo. Mimi nilikuwa na karibu theluthi ya milimita.

Dawa yake ni bushi: kitovu kinatobolewa zaidi, pete ya chuma inaingizwa kwa nguvu, kisha pete hiyo inachongwa ndani kwa kipimo cha beringi. Mchonga vyuma wa kwanza aliifanya kwa 50,000 na kazi ilionekana safi. Beringi ziliingia kwa kugongwa taratibu kwa kipande cha mti, kama inavyotakiwa. Nikabandika raba mpya kwenye ukingo wa gurudumu, pale bledi inapokaa, nikavalisha bledi, nikawasha. Mashine ikaanza kuruka. Shilingi niliyoisimamisha mezani kupima mtikisiko haikukaa hata sekunde moja.

Hapa nilipoteza karibu mwezi. Nililaumu bledi, nikabadilisha bledi. Nililaumu raba. Hili lilikuwa na mantiki, maana raba ya kwanza niliikata kwenye tyubu ya lori na kiungo chake nikakilalisha kimoja juu ya kingine, kwa hiyo kulikuwa na kinundu cha kweli. Nikaibandua. Nikanunua shiti ya raba ya milimita 4, ya kukatia gasketi, nikakata utepe wa urefu wa milimita 1,195 wakati mzingo wa gurudumu ni 1,257, ili uvutike na kubana. Miisho yake nikaikata mshazari ikutane bila kupandana, nikabandika kwa gundi ya viatu. Kinundu kikaisha. Kuruka kukapungua kidogo, hakukuisha.

Kilichonifungua macho ni chaki. Nilichora alama moja kwenye kiungo cha bledi na nyingine kwenye ukingo wa gurudumu la juu, nikazungusha kwa mkono polepole huku kidole kikiwa nyuma ya bledi. Bledi yangu ina urefu wa milimita 2,777 na mzingo wa gurudumu ni 1,257, kwa hiyo gurudumu linazunguka mara mbili na zaidi kidogo kila bledi inapomaliza mzunguko mmoja. Kama tatizo lingekuwa kwenye kiungo cha bledi, kidole kingeusikia mgongo ukisukuma mara moja tu katika mizunguko hiyo. Nilichosikia ni bledi kukaza na kulegea kila alama ya gurudumu ilipopita, bila kujali kiungo kiko wapi. Basi kosa lilikuwa la gurudumu. Sasa raba au chuma? Nilifunga kipande cha ubao kwenye fremu, ncha yake ikikaribia ukingo mtupu wa chuma pembeni mwa raba, nikapima pengo kwa fila geji ya kupimia vali huku nikizungusha. Pengo lilibadilika kwa milimita 0.8. Gurudumu lilikuwa linazunguka kama yai, na nililipia kulifanya hivyo.

Sababu ilikuwa rahisi kuliko nilivyotarajia. Mchonga vyuma alilikamata gurudumu kwa kitovu chake cha nje akaamini kwamba nje ya kitovu na ukingo wa gurudumu vina kituo kimoja. Havina. Nje ya kitovu ni chuma kilichosubiwa kikaachwa hivyo hivyo. Kiwandani kinachochongwa ni tundu na ukingo tu. Fundi wa pili, mzee mmoja mwenye mashine ya kizamani na saa ya kupimia tofauti ndogo iliyochakaa kioo, alilikamata kwa ukingo, akagusisha saa, akalizungusha na kuligongagonga kwa karibu saa nzima kabla ya kukata chochote. Akang'oa bushi ya kwanza, akaweka nyingine nene zaidi. 30,000. Tofauti ikashuka hadi milimita 0.1.

Hiyo iliyobaki niliimalizia kwenye raba. Gurudumu likiwa kwenye ekseli yake, bila bledi, nilimwomba kijana wangu alizungushe kwa drili yenye kigurudumu cha mpira huku mimi nikiegemeza ubao wenye msasa juu ya kiegemeo imara. Raba ikasagika pale tu palipokuwa juu. Kisha nikaipa tumbo dogo katikati, pembeni pakawa chini kwa kama nusu milimita. Tumbo hilo ndilo linaloifanya bledi ikae katikati badala ya kutambaa hadi ikatoka. La chini halina shida kulisaga, lina mota yake. Mwisho nikaliacha gurudumu lizunguke lenyewe na kusimama: kila mara likasimama upande uleule chini. Nikatoboa vijishimo viwili vifupi upande huo mzito, mpaka likawa linasimama popote.

Umeme

Nyumba yangu ina umeme wa njia (fezi) moja. Mota ni ya njia tatu. Jirani alinishauri niifunge kwa kapasita, na kweli ingezunguka, lakini ingepoteza karibu theluthi ya nguvu. Kupasua mninga wa inchi 8 kunataka nguvu yote. Fundi wa mota akasema ni bora kuiuza na kununua ya njia moja. Nilimwomba kwanza afungue kisanduku cha nyaya.

Maandishi yale ya 220/380 yana maana kubwa. Nyota na pembetatu ni namna mbili za kuunganisha koili za mota. Mota ya namna hiyo ikifungwa kwa nyota inataka volti 380 hadi 400 za umeme wa njia tatu, ikifungwa kwa pembetatu inataka 220 hadi 230. Inveta ya njia moja inapokea volti 230 za nyumbani na kutoa njia tatu za volti 230. Kwa hiyo kilichohitajika ni kuhamisha vibati vitatu vya shaba kutoka kwenye nyota kwenda pembetatu, kazi ya dakika tano kwa spana namba 8. Bahati yangu ilikuwa kwamba nyaya zote sita zilitoka nje. Mota nyingine za zamani hutoa nyaya tatu tu, kiungo cha nyota kimezikwa ndani ya koili, na hapo fundi anapaswa kufungua na kuzitafuta. Ukikuta kibati kimeandikwa 380/660, pembetatu yake yenyewe inataka 380, na inveta ya nyumbani haitaifaa. Mashine za Kijapani za volti 200 njia tatu zinakubali inveta vizuri, ukishaiambia itoe 200.

Inveta ya kilowati 1.5 ilinigharimu 420,000 na sijutii. Mashine inaanza taratibu kwa sekunde sita, taa za nyumbani hazififii. Nilijifunza mambo mawili kwa kukosea: swichi ya zamani ya mashine haipaswi kubaki kati ya inveta na mota, bali kitufe cha kuwasha kiunganishwe kwenye vituo vya amri vya inveta. Na usiiamuru isimame ghafla, maana magurudumu mazito yanarudisha umeme na inveta inajizima kwa kulalamika. Iache ijifie kwa sekunde kumi.

Bledi

Bledi ya kwanza kabisa niliungiwa kutoka kwenye roli la kiwanda cha mbao, chuma cha unene wa milimita 0.9. Ilikatika siku ya pili, kwa mlio wa kumfanya mtu aache sigara. Kanuni ya mafundi ni kwamba unene wa bledi usizidi sana kipenyo cha gurudumu ukikigawa kwa 1,000. Gurudumu la 400 linataka milimita 0.4 hadi 0.6. Fikiria hesabu yake: mota ya giri 1420, puli inapunguza kwa nusu, gurudumu linazunguka 710 kwa dakika, bledi inapita karibu mita 890. Kila sehemu ya bledi inapinda na kunyooka zaidi ya mara 640 kwa dakika. Chuma kinene kinachoka haraka. Hili ndilo lililoichelewesha mashine hii tangu mwanzo. Wazo la msumeno wa mkanda lilipewa hataza Uingereza mapema katika karne ya 19, lakini bledi zilikatika mno, mpaka Mfaransa Anne Paulin Crépin alipobuni namna ya kuunga miisho ikastahimili kupinda, mwaka 1846. Kila ninapopeleka bledi kuungwa huwa namkumbuka mama yule.

Sasa natumia ya upana wa milimita 20, unene 0.6, meno 3 kwa inchi. Mninga inaupita vizuri. Mtiki unaitia ubutu upesi, na mvule una hatari yake, kwa kuwa ndani yake hujificha vijiwe vya chokaa. Ukisikia kwaruzo na kuona cheche, bledi imekwisha. Kwenye viongozi, yaani vile vishikio vinavyoizuia bledi isiyumbe, mahali palipokuwa na vipande vya chuma vilivyolika, nimeweka vipande vya mpingo vilivyolowekwa kwenye mafuta ya mashine. Havichomi bledi ikivigusa na havipigi kelele. Huo ndio ukarabati pekee ambao haukunigharimu kitu, mabaki ya mpingo ninayo.

Kutu ya vitu vidogo niliitoa kwenye ndoo ya maji na magadi, chaja ya betri ya volti 12, waya hasi kwenye kipande chenye kutu, chanya kwenye nondo ya kutupwa. Fanyia nje, gesi inayotoka inawaka. Na kwenye chanya usiweke chuma kisichoshika kutu, kinatoa sumu majini. Meza niliikwangua kwa wembe na mafuta ya taa. Rangi ya zamani sikuisugua ikavu, kwa kuwa rangi nyingi za mashine za enzi hizo zina madini ya risasi.

Nilijumlisha kwenye daftari: mashine 1,600,000, kirikuu 60,000, vijana wa kubeba 40,000, beringi nne za juu na chini 72,000, uchongaji mara mbili 80,000, raba na gundi 35,000, inveta 420,000, bledi tatu pamoja na ile iliyokatika 135,000, rangi 28,000. Jumla 2,470,000. Ningelegeza bledi pale yadini, hiyo 80,000 ya kuchonga ningeikata kwenye bei, na ule mwezi wa kuvizia kinundu ningeutumia kupasua mbao. Kuikataa mashine nisingeikataa. Kitovu kilicholika kinatengenezeka. Kisichofaa ni kukilipia kama kizima.

Ubao wa kwanza wa mninga niliupasua Jumamosi moja asubuhi. Vipande saba, unene kati ya milimita 6.1 na 6.4 kutoka ncha hadi ncha. Shilingi ikasimama mezani.

Juzi mpwa wangu alinipigia kutoka yadi nyingine.

"Shikamoo mjomba. Nimeikuta ya inchi 14, nzuri sana. Nimetikisa gurudumu, halichezi."

"Marahaba. Mwambie alegeze bledi, kisha utikise tena."

Nikamsikia akiuliza. Kimya. Minong'ono.

"Mjomba, anasema skrubu ya kulegezea imekwama."

"Basi njoo nyumbani, shangazi yako amepika."